Tusimtwike mkulima lawama za tabianchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna wananchi wanavyoelezwa mabadiliko ya tabianchi.

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa kijiji katika nyanda za chini za Wilaya ya Same, ambako mtaalamu wa mradi mmoja alitumia karibu saa nzima kuwaambia wakulima kwamba vuli imewapotea kwa sababu wanakata miti na kuchoma mkaa. Mzee mmoja alivua kofia, akasimama, akauliza: "Mwanangu, miarobaini ile ya pale shuleni tuliipanda sisi, na sasa inatupa kivuli. Mbona vuli haijarudi?" Watu wakacheka, naye mtaalamu akafunua karatasi nyingine ya bango lake na kuendelea.

Swali lile lilistahili jibu. Ukataji miti hukausha chemchemi na kuacha udongo uchukuliwe na maji, wala siutetei. Lakini chanzo kikuu cha ongezeko la joto duniani ni makaa ya mawe, mafuta na gesi ambavyo viwanda, magari na mitambo ya umeme imekuwa ikivichoma, hata kiwango cha kaboni dioksidi, hewa inayonasa joto, kikapanda angani kutoka takribani sehemu 280 kwa kila milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa hiyo inayotokana na nishati. Isitoshe, vuli yenyewe hupanda na kushuka kufuatana na joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki: mwishoni mwa 2023, mwaka wa El Niño, yaani maji ya Pasifiki yalipopata joto kuliko kawaida, ilizidi hadi ikaleta mafuriko, bila mtu kuwa amepanda msitu mpya.

Hata neno lenyewe linatuponza. Anayesikia "tabianchi" kwa mara ya kwanza huikamata "tabia" na kudhani anasemwa mwenendo wake, na mahubiri ya Jumapili kuhusu dhambi na ukame humalizia kazi hiyo.

Ninaloomba ni kwamba gazeti lako, kila linapochapisha utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, liongeze aya mbili za kueleza bahari zina joto gani, "chini ya wastani" maana yake nini shambani, na kwa nini utabiri ni uwezekano, si ahadi. Aya hizo zikitoka nitampelekea mzee yule nakala. Bado anasubiri kujibiwa.

Msomaji wako,
Same, Kilimanjaro