Askofu Strossmayer sio yule wa hotuba feki

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu maaskofu na siasa za Ulaya mmemgusa Josip Juraj Strossmayer wa Kroatia, asante kwa hilo, ila mkaenda kuchukua ile hotuba inayozunguka WhatsApp eti alisimama kwenye Mtaguso wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa 1870, akasema Petro hakuwahi kuwa papa. Jamani, ile ni ya kughushi na mwenyewe aliikana akiwa hai! Kweli alipinga fundisho la Papa kutokukosea, kweli aliwatetea Waprotestanti kwenye Mtaguso mpaka maaskofu wenzake wakampigia kelele, lakini baadaye akayatangaza maamuzi ya Mtaguso jimboni kwake na akafa 1905 akiwa askofu Mkatoliki wa Đakovo.

Sasa mkiishia kwenye hotuba mnamkosa mtu mwenyewe. Huyu ndo alikuwa kiongozi wa chama cha siasa, Narodna stranka (Chama cha Taifa), kuanzia 1860, akitaka Wakroatia wajiamulie mambo yao ndani ya dola la Austria badala ya kuburuzwa na Hungaria. Kwenye siasa zenyewe kwa kweli alishindwa, mapatano ya 1868 yaliyoiweka Kroatia chini ya Hungaria yakapita pamoja na upinzani wake wote, yakafanyiwa marekebisho kidogo 1873 na yeye akajitoa kwenye chama.

Kilichobaki ni hela alizozitoa. 1860 aliweka forinti 50,000 (pesa ya Austria enzi hizo) mezani ili ianzishwe akademia ya sayansi na sanaa Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, ikaanza 1866 na rais wake wa kwanza akawa padri mwenzake, mwanahistoria Franjo Rački. Chuo kikuu cha kisasa kikafunguliwa 1874, na hapo pia alikuwa amechangia. Picha za kuchora alizokusanya miaka mingi, nyingi za Waitaliano, akawapa wananchi, zikawekwa kwenye jumba la sanaa lililofunguliwa 1884. Mpaka nyimbo za asili za Kibulgaria zilizokusanywa na ndugu wawili wa Miladinov zilichapwa Zagreb 1861 kwa hela yake, na wala hawakuwa Wakroatia, maana yeye alitaka Waslavi wote wa kusini washikane, Waserbia na Waorthodoksi wakiwemo. Hapo ndo aligombana na wanasiasa kina Ante Starčević waliotaka Kroatia kwanza. Na chekesho ni kwamba jina la ukoo wake ni la Kijerumani, wazee wake walitoka Austria.

Sisemi alikuwa malaika. Utajiri ule haukuwa jasho lake, ulitoka kwenye mashamba na misitu ya mialoni ya jimbo la Đakovo, mtu anaweza kuuliza wakulima wa pale walinufaika vipi na picha za Waitaliano, na mie naona swali hilo ni halali kabisa. Lakini hakuwa mwoga. 1888 alituma telegramu Kiev kupongeza miaka 900 ya Warusi kubatizwa, Kaizari Franz Joseph wa Austria, aliyeona hapo anaipendelea Urusi, akamkaripia mbele za watu kule Bjelovar, mji wa Kroatia, yeye akajibu dhamiri yake iko safi, basi.

Kwa hiyo mkitoa masahihisho hiyo hotuba iondoeni kabisa, na kama mna nafasi ya picha wekeni kanisa kuu la Đakovo, lile la matofali mekundu alilolijenga kuanzia 1866 hadi 1882.

Msomaji wenu,
Morogoro