Kijana anunue pikipiki, lakini bima nayo isisahaulike

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi hapa Mombasa kijana akifikisha tu 18 anataka pikipiki, na mimi sikatazi, lakini mbona wazazi tunaulizia bei peke yake halafu bima tunaikumbuka askari akisimamisha pale Changamwe?

Mwanangu alitaka pikipiki ya Boxer ya injini ya 150, nikamwambia we anza na ya 100 kwanza, inakunywa mafuta kidogo, spea zimejaa kila duka na ukianguka nayo (utaanguka tu) unaweza kuinyanyua mwenyewe. Kama ni ya mtumba mwende na fundi mnaemjua nyie sio wa muuzaji, mlinganishe nambari ya injini na ya chesisi (fremu) na zile za kwenye logibuku, ile hati ya umiliki, na pesa yote msitoe kabla jina halijabadilishwa.

Sasa bima. Thadi pati, yaani bima ya mtu wa tatu, ndio sheria inataka, ila hiyo ni ya mtu uliyemuumiza, pikipiki yako ikiibiwa Kongowea hupati kitu, ukitaka hilo chukua komprehensivu, ile bima kubwa inayolinda na pikipiki yako. Halafu kuna hili vijana hawaambiwi kabisa, ukikata bima ya matumizi binafsi kisha ukaanza kubeba abiria wa kulipa, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa. Na leseni iwe ya pikipiki, ya gari haitoshi.

Maajenti nao jamani, wasomeeni hawa watoto masharti kabla hamjapokea M-Pesa yao.

Mzazi, Likoni