Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa Yetu Kuhusu Zabuni ya Taa za Barabarani

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: TAA ZA BARABARANI ZINAZOTUMIA UMEME KIDOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi umeme mstaafu, niliyepanda nguzo za mji huu wa pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeamua kukuandikia hadharani baada ya kusikia katika mkutano wa mtaa kwamba halmashauri inajiandaa kutangaza zabuni ya taa mpya. Habari hiyo ni njema. Hofu yangu ni kwamba tuliwahi kuifurahia habari kama hiyo, na furaha yenyewe haikuvuka vuli ya pili.

Bila shaka unazikumbuka taa za sola zilizosimikwa kwenye barabara ya kuelekea dikoni. Mwaka wa kwanza ziliwaka hadi alfajiri, mwaka wa pili zikawa zinazimika saa nne usiku, na leo nguzo zake zinafungiwa kamba za kuanikia nguo. Wengi wamehitimisha kuwa sola haifai, lakini mimi nilikuwapo siku moja ya taa hizo iliposhushwa na kufunguliwa, na niliyoyaona yanatosha kueleza kisa chote. Betri ilikuwa imefungiwa ndani ya kasha lilelile lililobeba paneli, mahali panapochomwa na jua mchana kutwa, ilhali joto huua betri upesi. Paneli nayo, kwa kuwa ilikuwa imeungana na taa, ilielekea upande ambao barabara iliitaka, ingawa huku kwetu kusini mwa Ikweta paneli hulazwa kidogo kuelekea kaskazini ili ipate jua la kutosha. Juu yake palikuwa na tabaka la vumbi na chumvi ya bahari, na sikumsikia mtu yeyote aliyepewa kazi ya kulifuta.

Kwa sababu hiyo naomba sola itengewe maeneo ambayo laini ya umeme haijafika, na huko inunuliwe yenye paneli inayogeuzwa na betri iliyokaa mahali penye kivuli. Penye laini tayari, na ndiyo sehemu kubwa ya mji, kazi ya busara ni kubadilisha taa za sodiamu, zile za mwanga wa rangi ya chungwa, na kuweka za LED juu ya nguzo zilezile.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Taa ya sodiamu ya wati 250 hula takribani wati 280 ukijumlisha na choki yake, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye taa, na usiku wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo kila nguzo hula karibu uniti 3.36 kwa usiku mmoja. Taa nzuri ya LED ya wati 120, yenye lenzi zinazoutupa mwanga barabarani badala ya kuumwaga angani, inaweza kushika nafasi hiyo kwa uniti 1.44. Kwa mwaka mmoja tofauti ni kama uniti 700 kwa kila nguzo, na yeyote anayenunua LUKU anajua uzito wa uniti hizo. Faida ya pili haionekani kwenye bili: umeme ukikatika na kurudi, taa ya sodiamu hukaa dakika kadhaa ikipoa kabla ya kuwaka tena, wakati LED huwaka papo hapo. Vibaka wanazijua dakika hizo.

LED pia hukubali kupunguzwa mwanga kwa saa maalumu. Ninapendekeza zipunguzwe kwa nusu kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri, isipokuwa stendi, hospitalini na kwenye makutano ya barabara kuu. Saa kumi nimeitaja kwa makusudi, kwa maana muda mfupi baadaye waumini hutoka kwenda msikitini, na kina mama wanaochuuza samaki hushuka dikoni kuwahi mashua. Mwanga unaopungua wakati huo utakuwa umeokoa umeme kwa gharama yao.

Suala la rangi ya mwanga naomba lisionekane dogo. Mji wa Davis, katika jimbo la California nchini Marekani, ulifunga LED za mwanga mweupe mkali, wakazi wakalalamika kwamba zinawaumiza macho na kuingia vyumbani, na mwaka 2014 mji ukalazimika kuzibadilisha mamia kwa nyingine zenye mwanga mpole. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani kilishauri taa za nje zisizidi kelvini 3,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), kiwango ambacho mwanga wake una unjano kidogo. Sisi tuna sababu ya ziada, nayo ni kasa: vifaranga wake wakianguliwa usiku huufuata uso wa maji unaong'aa, na taa nyeupe iliyo karibu na ufuko huwapoteza wakaelekea barabarani.

Nakuja kwenye hati ya zabuni, maana huko ndiko taa nyingi hufia kabla ya kununuliwa. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zisikubaliwe kuwa kipimo; nimeshika taa ya sola iliyoandikwa wati 500 ambayo betri yake isingeweza kuwasha wati 50 usiku kucha. Mzabuni atakiwe kutaja lumeni, yaani kiasi cha mwanga ambao taa inatoa, uwezo wa betri kwa uniti, na kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla, kwa kuwa LED nyingi huzimika kutokana na kuungua kwa kifaa kinachozilisha umeme wakati vijitaa vyenyewe bado ni vizima. Kifaa hicho kiwe cha kufunguliwa na kubadilishwa na fundi wetu juu ya nguzo, na vipuri viletwe pamoja na mzigo wa kwanza. Dhamana iwe ya miaka mitano, na sehemu ya malipo ishikiliwe hadi mwaka wa pili upite.

Yapo pia mambo yasiyohitaji zabuni yoyote. Kuna taa zinazowaka mchana kweupe kwa sababu fotoseli, vile vifaa vinavyozima taa kunapokucha, zimekufa, na karibu na soko kuna taa tatu nzima kabisa ambazo mwanga wake unaishia kwenye majani ya mkungu. Panga na ngazi vinatosha.

Niko tayari kutembea na mhandisi wako usiku mmoja, kuanzia stendi hadi dikoni, tukihesabu nguzo moja baada ya nyingine na kuandika ipi inawaka, ipi imekufa na ipi imefunikwa na matawi. Kipima mwanga ninacho, na ngazi nitaazima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi umeme mstaafu,
Mkazi wa manispaa