Shangazi, usiitikie "ndiyo daktari" kabla hujaelewa

Shangazi,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati. Tena nimeona wenye tabia kama yako ni wengi, nami nikiwemo, basi nimeamua kuyaandika hadharani. Jina lako nimelisitiri.

Nianze na kile kikohozi. Miezi minane ulikohoa, kikavu, usiku ndiyo kinazidi. Ukapewa dawa ya maji, ikaja nyingine, kisha antibayotiki mara mbili. Picha ya kifua haikuonyesha kitu. Kifua kikuu ukapimwa, huna. Na kila ulipoulizwa unatumia dawa gani nyingine, ulijibu, "Za presha tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyotuponza. Vidonge vyako vilikuwa enalapril. Dawa za kundi hilo, ambazo majina yake huishia na "pril", zinafahamika siku nyingi kwamba huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kikohozi. Daktari wa mwisho hakufanya muujiza. Alikuomba umwonyeshe pakiti, akaisoma, akakubadilishia losartan, dawa ya presha ya kundi jingine. Wiki chache baadaye ukalala usiku kucha. (Wasomaji wengine, tafadhali msikimbilie kutupa vidonge vyenu. Kuacha dawa ya presha kienyeji ni hatari kuliko kukohoa. Muulizeni aliyewaandikia.)

Simlaumu mtu mmoja. Wao walikuwa na foleni mpaka nje, nawe ulikuwa na hamu ya kuwa mgonjwa mwema, maana kwako mgonjwa mwema ni yule asiyesumbua watu. Anaitikia, anachukua cheti, anashukuru, anaondoka. Ukifika nyumbani ndipo unanipigia: "Nimepewa vidonge vyeupe vidogo, sijui ni vya nini." Shangazi, hata mimi sijui ni vya nini! Aliyejua ulikuwa umekaa naye meza moja dakika kumi zilizopita.

Usidhani najifanya mjanja. Mwaka juzi nilibanwa na mafua, nikawa nakunywa paracetamol, na juu yake ile dawa ya mafua ya unga wa kukoroga kwenye maji moto. Mfamasia ndiye aliyenigeuzia boksi na kunionyesha maandishi madogo: ndani ya ule unga kulikuwa na paracetamol ileile. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine hutakiwa kuishia chini ya hapo. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia, tena kimyakimya. Tangu siku hiyo jina kubwa la rangi juu ya boksi silijali, kwa sababu hilo ni la biashara. Natafuta lile dogo chini yake, la dawa yenyewe.

Halafu kuna suala la kupima presha. Uliniambia namba ya juu imeandikwa 162, ukaogopa. Nilipokudadisi nikagundua ulipanda ngazi, ukafungwa mkono papo hapo, huku ukimsimulia muuguzi habari za wajukuu. Presha haipimwi hivyo. Unakaa kwanza dakika 5 umeegemea kiti, miguu iko sakafuni, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Hili la mdomo najua ni mtihani kwako. Ukiona wana haraka, sema, "Samahani, nimetoka kupanda ngazi, naomba nipumzike kidogo ndipo tupime." Ni haki yako, na hakuna muuguzi wa maana atakayekasirika. Hata hivyo, presha huwa haiamuliwi kwa kipimo cha siku moja.

Unaogopa kuonekana mjuaji. Lakini mjuaji ni yule anayeingia na jibu lake mkononi, kama ile sauti uliyonitumia WhatsApp ya bwana anayetibu kisukari kwa siku saba. Wewe unaingia na swali. Nina nini hasa? Dawa hii inanifanyia nini, na nikiona dalili gani nirudi haraka? Nisipofanya kipimo hiki kwa sasa, itakuwaje? Kisha mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo daktari, hii moja asubuhi, hii usiku baada ya kula, nirudi baada ya wiki mbili?" Ukikosea atakurekebisha hapo hapo, kwenye kiti, badala ya mimi kukurekebisha kwa kubahatisha. Na maswali yaandike kabla, maana ukivuka ule mlango yote huyeyuka. Yangu pia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha uchi hazai. Sasa nakurudishia.

Jumanne nitakuja kukuchukua mapema twende kliniki pamoja. Sitazungumza kwa niaba yako, nitakaa pembeni na kalamu. Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, na pakiti zake, hata zilizokwisha. Na ile chupa ya mitishamba unayoificha nyuma ya kabati, Shangazi, nayo iingie mfukoni. Niliiona.