Mzee anaruka dawa za presha kwa sababu ya grupu ya familia, nami mkaza mwana nifanyeje?

Kwa mhariri na wasomaji wenzangu,

Nina jambo linaloninyima usingizi, na kwetu nyumbani sina wa kumweleza bila kuzua neno. Nauza katika duka la dawa hapa Kondele, Kisumu, na nimeolewa katika ukoo mkubwa wa Kaunti ya Vihiga. Ukoo una grupu ya WhatsApp na admini ni mimi. Tulipomzika nyanya ya mume wangu nilishika daftari la michango, hesabu zikawaridhisha wazee, wakasema kazi hiyo ibaki mikononi mwangu.

Grupu hii naipenda. Humo tumechanga karo, tumelipa bili za hospitali, tumepanga matanga mpaka idadi ya viti na sufuria. Shemeji aliye Qatar hajarudi tangu aondoke, lakini mtoto akizaliwa kijijini anamwona siku hiyo hiyo. Kwa hivyo naomba asiwepo wa kuniambia nitoke tu. Najua tangu 2022 mtu anaweza kutoka kimyakimya wakajua maadmini peke yao. Ukoo hauna kimyakimya. Mchango ukifika, jina lako litatafutwa, na litakapokosekana utaulizwa umekosana na nani.

Shida ni yale mengine yanayoingia kwa mlango huo huo. Kabla hakujapambazuka simu imeshajaa: picha za maua zenye aya za Biblia, video za siasa, kazi za Kanada zisizo na mwajiri, maombi ya "tuma kwa watu kumi au ubaki na laana", na sauti ndefu za mtu anayejiita daktari bila kutaja hospitali. Tangazo la mgonjwa likiwekwa asubuhi, jioni limezama na watu wanauliza upya amelazwa wapi. Bando linaisha kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Sehemu kubwa ya hayo hutumwa na baba mkwe wangu. Mzee huyu si mjinga. Ni mwalimu mstaafu, nusu ya kijiji walijua kusoma kwake. Miaka yake yote, neno lililomfikia likiwa limechapishwa lilikuwa limepita kwa mhariri, na la redioni lilikuwa na mtangazaji mwenye jina. Sasa anaisoma simu kwa imani ile ile. Nami naamini anatuma kwa mapenzi. Usingizi wake ni mchache, anakesha akisoma kwa niaba yetu, akiona la kutufaa anatugawia kama mzazi anavyogawa nyama mezani.

Ingekuwa ni maua na siasa tu, nisingeandika. Mzee ana presha, na mama mkwe amenidokeza kwamba vidonge anavimeza siku anazohisi kichwa kizito tu. Siku nyingine ni kitunguu saumu na maji ya ndimu kabla ya kula chochote, kwa sababu sauti moja iliyopita kwenye grupu ilisema dawa za presha zinaua figo. Mimi hao wagonjwa ninawahudumia. Presha mara nyingi haiumi, ndiyo maana mtu huacha dawa akijiona mzima. Inayoharibu figo ni presha yenyewe ikiachwa juu bila tiba, na ndiyo hiyo hiyo inayoleta kiharusi. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, lakini hakichukui nafasi ya kidonge alichoandikiwa mtu. Huja dukani watoto wa watu, wananunua nepi za watu wazima kwa ajili ya baba aliyekuwa analima juzi, na ukiuliza unaambiwa alikuwa ameacha dawa. Sitaki mume wangu awe mmoja wao.

Basi sema naye, mtaniambia. Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mkaza mwana hamkabili baba mkwe. Namsalimu kwa mbali, sikai kiti alichokalia, na neno langu kwake hupitia kwa mama au kwa mume wangu. Mume wa wifi yangu naye akimwona mama mkwe njiani hugeuza njia. Heshima hiyo ina maana kwetu, imetunza nyumba nyingi. Grupu haijui hayo. Imetukalisha sote chumba kimoja, mkwe na mkwe, mchana na usiku, na chumba hicho hakina ukuta wala mlango wa nyuma. Mzee akituma, naona. Nikinyamaza, inaonekana nimekubali, maana wote wanajua nauza dawa. Nikijibu, nimemsahihisha baba mbele ya watoto wake, wajukuu na wakwe.

Mpwa mmoja anayesoma chuo Maseno alijaribu. Aliandika "hii ni feki" na kuweka picha za kucheka. Shangazi zake walimrukia papo hapo, na mzee akanyamaza siku kadhaa. Aliporudi alianza kututumia mmoja mmoja, faraghani. Ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa hata wa kupinga hayaoni. Tangu 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, unatumwa kwa mtu mmoja au grupu moja kwa wakati. Mzee ana subira, anatuma mmoja baada ya mwingine.

Shemeji wa Qatar anasema nifunge grupu, waandike maadmini pekee. Inawezekana, ni kubonyeza tu. Lakini nitakuwa nimemfunga mdomo mwenye boma, mimi niliyekuja kwa ndoa. Wazo lake la pili ni grupu ya matangazo peke yake, ya wagonjwa, misiba na michango, na hii ya zamani ibaki ya salamu. Hilo lingeokoa matangazo, nalikubali. Halirudishi vidonge mdomoni mwa mzee. Mume wangu yeye husema mzee ni mzee, mwache.

Wala si mzee wetu peke yake. Mlio huku magharibi mnakumbuka Machi 2020, watu walipoamshana usiku wanywe chai ya rangi bila sukari, eti mtoto mchanga amesema ni kinga ya korona. Chai haikumdhuru mtu, tukalala. Hii ya dawa inaweza kumdhuru.

Nimefikiria wale wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba na mikoba yenye mashine za kupima presha tangu 2023. Wa kijijini kwetu akipita "kwa bahati", akampima na kumwonyesha namba, labda namba itasema nisichoweza kusema. Ila mhudumu huyo ni binti aliyefundishwa darasani na mzee, sijui kama atathubutu kumbishia. Kuna pia rafiki yake wa kanisani, tabibu mstaafu, wanakaa pamoja baada ya ibada. Rika humsikiliza rika. Naogopa tu mzee akigundua kwamba ugonjwa wake umetolewa nje ya nyumba, na aliyeutoa ni mimi.

Naomba mnisaidie kwa mambo haya. Je, ni utovu wa adabu nikituma kwenye grupu sauti yangu mwenyewe kuhusu dawa za presha, nikiwaambia wote bila kumtaja mtu, hali kila mmoja atajua nasema na nani? Wazee mnaosoma barua hii, mngependa kuambiwa na nani, mtoto au rafiki? Na yupo aliyewahi kupunguza kelele za grupu ya ukoo bila wazee kuona wametupwa kando? Alianzia wapi?

Mume wangu anakwenda nyumbani mwezi ujao, na safari hii amekubali kukaa na baba yake, wawili tu. Hana maneno, ameniomba mimi nimtafutie. Niambieni aanze na lipi, simu au dawa.

Mkaza mwana,
Kondele, Kisumu