Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Klabu ya Lugha ya Alama

Ndugu mlezi, ndugu wanachama, habari za alasiri. Namshukuru mkalimani aliyekubali kusimama hapa mbele bila malipo. Mliokaa nyuma, nawaomba muache kunong'onezana, ili wenzetu viziwi wasipitwe na mambo katika mkutano wao wenyewe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, tuliandamana hadi sokoni. Tulitembelea shule mbili, tukawafundisha wahudumu wa zahanati alama za homa, maumivu, ujauzito na dawa, na tukawaeleza vijana wa bodaboda kwamba asiyegeuka akipigiwa honi huenda ni kiziwi, si mkaidi. Yote yalikwenda vizuri.

Niingie kwenye suala la mwalimu, maana najua ndilo lililowaleta wengi leo.

Mwezi Machi kamati tendaji iliamua, kwa pendekezo langu, kwamba shilingi 540,000 zilizotengwa kwa ajili ya fulana zimlipe mwalimu kiziwi, 30,000 kila Jumamosi kwa Jumamosi 18, na sisi tunaosikia tuache kusimama mbele ya darasa. Imesemwa nimewadharau wenzangu waliokuwa wakifundisha kwa kujitolea. Imesemwa niliamua peke yangu. Kura zilikuwa 5 kwa 2, na muhtasari uko kwa katibu, anayetaka akausome.

Sababu ninairudia. Februari tulipokwenda mtaani, mwenzetu wa mwaka wa tatu, mwenye cheti tulichompa sisi, alizungumza kwa alama na mama mmoja kiziwi kwa dakika kumi hivi. Mama alitabasamu muda wote. Mwishoni akamgeukia mwanawe anayesikia, amwulize tunataka nini. Alama zile tuliziokota kwenye video za Wamarekani, tukazipanga neno kwa neno kama sentensi za Kiswahili, nyuso zetu zikiwa kavu. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na uso ni sehemu ya sarufi hiyo. Aliyejifunza mikono peke yake bado hajaijua lugha. Niliona aibu siku ile, na aibu ile haijaniisha. Shule ya Viziwi Tabora ilifunguliwa mwaka 1963. Tangu hapo watoto viziwi wamekuwa wakikuzia alama zao kwenye mabweni na viwanja vya shule zao, hata pale walimu walipotaka watumie midomo. Leo sisi tuwafundishe watu lugha hiyo huku wenyewe wamekaa pembeni tukiwaita walengwa? Mimi siwezi. Fulana zingevaliwa siku moja.

Wanaodai mwalimu alishindwa nawauliza: mlihudhuria mara ngapi? Darasa lilianza na watu 41, likaisha na 13. Mimi mwenyewe nilikwenda mara nne kuomba ukumbi wenye taa za kutosha, kwa sababu lugha ya alama gizani haisomeki, nikatumia nauli yangu na sikudai hata senti. Mkutano wa Juni akidi haikutimia. Tulikuwa 11, na watatu kati yao ni ndugu zetu viziwi waliopanda daladala mbili kuja kukuta viti vitupu. Sikujua niwaambie nini.

Upande wa fedha, wanachama ni 86, waliolipa ada ya 5,000 ni 29. Mapato: ada 145,000, serikali ya wanafunzi 300,000, harambee 240,000, jumla 685,000. Matumizi: mwalimu 540,000, nauli na uchapaji 120,000. Salio ni 25,000. Hesabu zimekaguliwa na mlezi.

Mwaka ujao, panapo majaliwa, tunatarajia kurekodi msamiati wa zahanati kwa video, na tunaomba mahafali yawe na mkalimani. Natamani pia siku moja mwenyekiti wa klabu hii awe kiziwi. Fomu za kugombea ziko kwa katibu.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Kwa katiba yetu asiyelipa ada hapigi kura, na uchaguzi unaanza saa kumi na moja kamili.

Mwenyekiti