Alhamisi ni Antigone, jamani msome

Habarini wapendwa, Alhamisi saa 2 usiku tunaanza Antigone, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, ilichezwa Athens kama mwaka 441 kabla ya Kristo, naomba msome walau nusu.

Kwa kifupi ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wameuana wakigombea ufalme wa Thebes, Creon anashika nchi anaamuru Eteocles azikwe kwa heshima, Polyneices aachwe aliwe na mbwa na ndege. Na huyu Creon ni mjomba wao kabisa, tumbo moja na mama yao! Sasa dada yao Antigone anaenda kumnyunyizia maiti vumbi kavu, vumbi tu, hana hata sanda, walinzi wanalifagia, anarudi tena jua la utosi wanamkamata, na haombi msamaha, anasema amri ya mtu haiwezi kufuta sheria za miungu ambazo hazikuandikwa popote. Mi hapo machozi yananitoka kila nikisoma.

Ila msimwonee Creon, jeshi alilokuja nalo Polyneices kuuvamia mji limekimbia usiku uleule, anaogopa nchi isambaratike.

Angalieni sana pale Antigone anaposema asingefanya hivyo kwa mume wala mtoto, hao wanapatikana wengine, lakini wazazi wakishakufa kaka unampata wapi? Kuna wasomi wanadai maneno hayo yalichomekwa baadaye, mi siamini, ndo uchungu wenyewe huo.

Bado natafuta mtu wa kusoma sehemu za Ismene, dada yake Antigone, kwa sauti, aniambie leo.